Kona ya Kazi Ndani ya Nyumba: Tulikuwa Nayo, Tuliipotezea Wapi?



Leo naanza kwa kueleza kosa langu mwenyewe. Miaka sita nyuma nilipokea oda ya gauni la harusi. Satini nyeupe, lesi shingoni, mikono mirefu mpaka kwenye viganja, kwa sababu biharusi alitaka kujistiri bila ya kuongeza nguo nyengine ndani. Wakati ule kazi zangu nikizifanyia ukumbini. Cherehani iko kando ya televisheni, kitambaa nakitandaza juu ya mkeka, vipimo nimeviandika kwenye daftari kuukuu la skuli la mwanangu. Asubuhi ile nilikuwa nakata. Simu ikalia, nikapokea. Jirani akapiga hodi, nikamkaribisha. Mtoto akamwaga uji, nikainuka kufuta. Niliporudi, daftari lilikuwa limejifunua ukurasa wa mteja mwengine, na mimi bila ya kuangalia jina nikakata mikono kwa kipimo cha yule mwengine. Inchi nne pungufu. Siku ile ilikuwa Jumanne na harusi ni Ijumaa.

Nilinunua satini nyengine kwa pesa zangu, nikakesha siku mbili, na gauni likavaliwa, alhamdulillah. Lakini biharusi alilia mbele yangu, na kilio kile sijakisahau mpaka leo.

Nilipomhadithia bibi yangu, hakunipa pole. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, hivyo kazi yako ina mahali pake katika nyumba hiyo?" Nikanyamaza. Akanieleza kuwa mama yake alikuwa akishona kofia, na siku zote akikaa pale pale karibu na mlango wa uani, mgongo ukutani, uso kwenye mwanga. Watoto wote walijua kwamba mama akishika sindano na akawa anahesabu matundu, hasemeshwi mpaka amalize mstari. Aliyekuwa na shida alikaa chini akasubiri.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza wazee na kusoma ninachokipata. Siku hizi watu wanazungumza habari ya ofisi ya nyumbani kana kwamba imekuja na kompyuta, au imekuja na korona. Mimi ninavyoona, mwanamke wa Kiislamu amefanya kazi nyumbani karne na karne, na nyumba zilijua kumpa mahali. Tujiulize basi tuliacha wapi, na tunaweza kurudisha nini.

Tuanzie Madina

Nyumba za mama zetu, wakeze Mtume (SAW), zilikuwa vyumba vidogo vilivyoshikana na msikiti, vimejengwa kwa matofali ya udongo na makuti ya mitende. Al-Hasan al-Basri alisimulia kuwa alipokuwa kijana mdogo aliingia katika vyumba vile na akaweza kuigusa dari kwa mkono wake. Kwa hiyo anayesema hawezi kufanya kazi nyumbani kwa sababu chumba ni kidogo, akumbuke udogo wa vyumba vile na ukubwa wa kilichotoka ndani yake. Bibi Aisha (RA) alisomesha Dini akiwa chumbani kwake, na masahaba walikwenda kumuuliza.

Bibi Zainab bint Jahsh (RA) ndiye ninayempenda zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Alikuwa mwanamke wa kazi za mikono. Alitengeneza ngozi na kuishona, na alichokipata alikitoa sadaka. Mtume (SAW) aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu zaidi. Wakawa wanapimana mikono. Mwaka wa 20 Hijria alipofariki Bibi Zainab, wa kwanza miongoni mwao, ndipo walipofahamu kuwa urefu ule ulikuwa wa kufanya kazi na kutoa. Mimi niliyekata mikono mifupi ya gauni la watu, kila nikiisoma hadithi hii nainamisha kichwa.

Na tazama adabu iliyowekwa kuvizunguka vyumba vile. Sura nzima ya Qur-ani inaitwa Al-Hujurat, yaani Vyumba. Aya ya 4 na ya 5 zinawazungumzia watu waliokuwa wakimwita Mtume kwa sauti kutoka nje ya vyumba, na zinafundisha kwamba lau wangesubiri mpaka awatokee ingekuwa kheri kwao. Suratun-Nur, aya ya 27, inatutaka tusiingie nyumba za watu bila ya ruhusa na salamu. Aya ya 58 inaingia ndani ya nyumba yenyewe: hata watoto waombe ruhusa nyakati tatu, kabla ya Alfajiri, mchana wa mapumziko, na baada ya Isha. Aya hizi zimekuja kwa ajili ya sitara na heshima, sisemi kuwa zimekuja kwa ajili ya washonaji. Lakini nyumba iliyozoea kuwa mlango una haki yake na wakati una haki yake, haioni taabu kumwacha mama amalize mstari wake.

Vyumba vile vilivunjwa mwaka wa 88 Hijria, sawa na 707, ili msikiti upanuliwe, na ilipokelewa kuwa watu wa Madina walilia. Said ibn al-Musayyib alitamani vingeachwa, ili watu waone Mtume aliridhika na nini. Na sisi leo tunaona hatuwezi kuanza kazi mpaka tununue meza ya kuagiza Dubai!

Nyumba za mawe za visiwani

Sasa tuje kwetu. Nyumba za kale za Lamu, Pate na hapa Unguja ni ndugu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti zina urefu wake, chumba hakikuweza kuwa kipana, kiasi cha mita mbili na nusu mpaka tatu hivi. Kilikuwa kirefu na chembamba.

Ukiingia nyumba ya Lamu unaanzia dakani, penye viti vya mawe, ambapo mgeni wa mume wa nyumba angeweza kukaa. Kisha unapita tekani, ambayo imepinda ili aliye nje asione ndani. Unatokea kiwandani, ua ulio wazi juu, na hapo ndipo mwanga na hewa vinapoingilia. Baada ya kiwanda zinafuatana misana, kisha ndani, na kila ukizidi kuingia ndivyo panavyozidi kuwa kimya. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo kelele za njiani hubaki njiani na joto la mchana huchelewa kufika.

Mwenye jicho la kazi ataona kitu hapo. Nyumba imepangwa kwa ngazi za utulivu. Wageni na mazungumzo yako mbele, mapishi na maji yako upande wake, na shughuli inayotaka akili iko ndani zaidi, lakini inapata mwanga wa kiwanda ambao hauchomi macho. Kwenye kuta kuna zidaka, vile vishimo vya mraba vilivyopambwa kwa chokaa. Tunavipiga picha kama mapambo, na kweli viliwekwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo, lakini msahafu na vitabu pia viliwekwa humo. Kila kitu kina kidaka chake, na ukinyoosha mkono unakifikia. Hiyo ndiyo kabati ya ofisi ya wazee wetu.

Jambo jengine maharusi mlisikilize vizuri. Lamu ilikuwa desturi kwa baba mwenye uwezo kumpa binti yake nyumba anapoolewa. Kama hakuna kiwanja aliongeza ghorofa juu, au alijenga mkabala na nyumba ya wazazi na kuziunganisha kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia. Mume ndiye aliyehamia. Biharusi yule hakuomba kona kwa mtu, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na alijua tangu siku ya kwanza wapi ataweka nini.

Wino na mfupa wa ngamia

Wanawake wawili wa visiwa hivi wanatuonyesha nini kilifanyika ndani ya kuta zile.

Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, 1858, naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha ambao mpaka leo unasomwa kwa maharusi pwani yote. Mwanzoni mwa utenzi anamwita binti asogee karibu akiwa na vifaa vya kuandikia. Hebu lione jambo hilo kwa macho ya nyumba: mama mgonjwa, chumba cha ndani, binti ameketi ubavuni, wino uko tayari. Hapakuwa na kitu kikubwa hapo. Palikuwa na ukimya, mahali pa kukaa, na watu wa nyumba walioelewa kuwa mama ana jambo la kumaliza.

Wa pili ni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qur-ani lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifunza peke yake kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa kuandikia siku zile. Maisha yake ya baadaye yalikwenda njia nyengine ambayo si mada yetu leo. Lakini kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886 ndicho kinachotueleza mambo mengi ya nyumba za ndani za Unguja, pamoja na mabibi walivyokuwa wakishona na kudarizi.

Salme ananifundisha jambo ambalo wazee hawapendi kulisema. Nyumba zile zilimpa mwanamke mahali pa sindano, lakini si kila moja ilimpa mahali pa kalamu. Kona ya sindano ilikuwa wazi, ya kalamu ikabidi ifichwe. Ndiyo maana nawaambia mabinti wanaosoma chuo huku wameolewa, au wanaofanya hesabu za duka kwenye simu usiku wakati wengine wamelala: kazi yako ya akili nayo ina haki ya kuonekana ndani ya nyumba. Usiifiche kama mfupa wa ngamia.

Utulivu wa nani?

Hapa lazima tuseme kweli, kwa sababu historia isiyosemwa yote inadanganya. Mabibi wa nyumba zile kubwa walipata muda wa kudarizi kwa utulivu kwa sababu kulikuwa na wanawake wengine waliokuwa wakiteka maji, wakitwanga, wakipika na kubeba watoto wa watu. Wanawake hao walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria hapa mwaka 1897. Kwa hiyo ukimya wa chumba cha ndani ulibebwa na migongo ya wengine, na wengi wa wale waliobeba ni bibi zetu pia.

Nalisema hili kwa sababu jambo hili halijaisha, limebadilika sura tu. Mimi nikifunga mlango nikashona saa nne, kuna mtu anapika, kuna mtu anachukua watoto chuoni. Kama ni msichana wa kazi, analipwa kwa wakati? Anapumzika? Kama ni mama mkwe mwenye magoti mabovu, nimemuomba au nimemtupia tu? Kona yangu ya kazi ikijengwa juu ya jasho la mtu asiyesikilizwa, sijui baraka itaingilia mlango gani.

Tuliipotezea wapi?

Watu wa kawaida hawakuwa na majumba ya mawe. Ng'ambo watu walijenga nyumba za udongo na makuti: baraza mbele, ukumbi katikati kama njia, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Baraza ilikuwa ya wanaume na uani palikuwa petu. Hapo ndipo zilipozaliwa kofia za mkono, hapo ukindu ulitiwa rangi, ukili ukasukwa na mikeka ikashonwa. Palikuwa na makelele, hilo sikatai, lakini yalikuwa makelele ya watu wanaofanya kazi pamoja, na kila mmoja alikuwa na pembe yake. Mwaka 1927 serikali ilipofungua skuli ya wasichana mjini, ushonaji ulikuwa miongoni mwa mafunzo, na cherehani ya mkono ikazidi kuwa rafiki wa nyumba.

Kisha tukaanza kujenga nyumba za matofali na sebule kubwa ya makochi. Tazama nyumba zetu za leo. Chumba kipana zaidi, chenye dirisha zuri zaidi, ni cha wageni wanaokuja mara mbili kwa mwezi. Televisheni ina ukuta wake mzima. Uani pamezibwa, pamekuwa jiko na tangi la maji. Na mama anayelisha nyumba kwa keki, kwa piko, kwa cherehani au kwa kuuza mabuibui mtandaoni, anafanyia kazi juu ya kitanda cha ndoa, na usiku ikifika mume anasogeza pini ili alale. Hatukunyang'anywa kona yetu. Tuliitoa wenyewe tukaiwekea kochi.

Nilichokifanya mimi

Baada ya maneno ya bibi nilikaa na mume wangu. Nilimwonyesha risiti ya satini niliyonunua mara ya pili, tukahesabu hasara pamoja. Akaelewa haraka kuliko nilivyodhani. Tukatoa kochi moja na kabati ya vyombo visivyotumika, na upande wa sebule ukawa wangu.

Nililoliiga kwanza ni mwanga. Visiwani kwetu jua la asubuhi na la jioni hupiga madirisha ya mashariki na magharibi kwa nguvu, na dirisha la kaskazini au kusini hutoa mwanga mtulivu zaidi. Meza yangu iko kwenye dirisha la kaskazini, mwanga unakuja mkono wa kushoto, kwa hivyo kivuli cha mkono wangu wa kulia hakiangukii chaki.

Nikaiga zidaka. Fundi alinipigilia rafu ya mbao yenye vijumba kumi na viwili. Kila mteja ana kijumba chake: kitambaa chake, karatasi yake ya vipimo yenye jina kubwa juu, uzi wake na vifungo vyake. Natoa kijumba kimoja tu kwa wakati mmoja. Tangu hapo sijachanganya vipimo, walhamdulillah. Meza ya kukatia nimeiinua mpaka inchi 36, maana kuinama mkekani kuliniumiza mgongo, na mgongo ukiuma akili haitulii.

Tekani yangu ni pazia zito. Likishushwa, watoto wanajua kupiga hodi na kusubiri jibu. Mwanzo walicheka, sasa wamezoea. Simu inakaa upande wa pili wa pazia.

Na nikaupa wakati haki yake. Mtume (SAW) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi yake ya mapema, na Sakhr al-Ghamidi, aliyeipokea hadithi hiyo, alikuwa mfanyabiashara aliyetoa bidhaa zake asubuhi mapema akatajirika. Kukata nakufanya baada ya Alfajiri, nyumba ikiwa bado kimya. Kushona ni baada ya watoto kwenda skuli mpaka saa sita. Adhuhuri ikiadhiniwa, mkasi unawekwa chini. Baada ya Isha hakuna kazi, huo ni wakati wa mume na mapumziko.

Tafakari kidogo, dada. Tunapotaka kuswali tunachagua mahali safi, tunatandika msala, tunaondoa picha na kelele mbele yetu. Tunajua vizuri kwamba moyo haukusanyiki wenyewe, unaandaliwa. Maarifa hayo tunayo tayari, tunashindwa tu kuyapeleka mezani.

Kwako biharusi mtarajiwa

Katika yale mnayokubaliana kabla ya nikaha, pamoja na mahari na mahali pa kuishi, litaje na hili kwa heshima kupitia walii wako au mama: "Nina kazi yangu, nitahitaji mahali." Hata kama ni chumba kimoja cha kupanga, hata kama ni nyumbani kwa mama mkwe, kona ya hatua tatu inapatikana ikisemwa mapema. Ikichelewa, ukuta umeshapata televisheni. Na kwenye orodha ya vyombo, kabla ya seti ya tatu ya vikombe, omba meza imara na taa nzuri.

Yule biharusi niliyemliza ana watoto wawili sasa. Mwaka jana alikuja na mdogo wake anayeolewa. Aliangalia vile vijumba, akasoma jina la mdogo wake kwenye karatasi, kisha akavuta futi kutoka shingoni mwangu akasema, "Mikono nitapima mimi." Tukacheka sote. Akapima, nikaandika.

Allah atubariki katika nyumba zetu, azifanye mikono yetu kuwa mirefu kama mkono wa Bibi Zainab, na awarehemu bibi zetu wote, waliokaa ndani na waliobeba maji. Aamin.

Wabillahi tawfiq.